Pawasoo Inayogoma Kushuka Resi: Acha Kabureta, Tafuta Hewa

Msomaji mmoja wa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, ana pawasoo ya Stihl MS 381. Anapasulia magogo ya mwembe na mwarobaini; mbao zinakwenda kwa maseremala na vipande vinene kwa wachonga vinyago. Aliinunua ikiwa imeshatiwa mkono: eksosi imetobolewa, matundu ya silinda yamepanuliwa. Ikanoki, yaani pistoni ikakwama ndani ya silinda. Akaifungua mwenyewe kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, akaisugua silinda kwa msasa, akatia pistoni na ringi mpya. Gasketi ya chini ya silinda hakuirudisha; mahali pake alipaka silikoni nyeusi ili kompresheni ipande. Sasa anaandika:

"Fundi, asalaam aleikum. Inawaka vizuri, lakini ikishapata moto nikiachia resi haishuki, inaendelea kulia juu. Nikiilaza ubavu mlio unabadilika. Nikiwa kwenye gogo, baada ya robo saa hivi inachoka na kuzima. Skrubu za kabureta nimezungusha zote, hakuna la maana. Ninunue kabureta mpya, au nirudishe kila kitu kilivyotoka kiwandani?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kabureta usinunue. Na hizo skrubu ziache kwanza, tutazirudia mwisho.

Mashine yako inavuta hewa mahali isipopaswa kuvuta, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Kabureta ya pawasoo ni ya kiwambo, haina boya, ndiyo maana mtu anapasua akiwa ameigeuza vyovyote na mafuta yanakuja yale yale. Ukiilaza ubavu na mlio ukabadilika, kuna kitu ndani kinachosogea. Aghalabu ni kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni: inaegemea upande mmoja, beringi imelegea kidogo au oili sili (mpira unaoziba pale kranki inapotokea nje) imechoka, na mdomo wa sili unaacha mwanya. Hewa inaingia hapo bila kupitia kabureta. Ndiyo sababu ukiachia resi haishuki: umefunga mlango wa mbele, wa nyuma uko wazi.

Injini ya bodaboda ikiharibika sili inadondosha oili chini na kila mtu anaona. Hii ya 2T, yaani ya mipigo miwili, haidondoshi chochote cha kukushtua, kwa sababu ndani ya krankikesi, chumba kinachobeba kranki, hamna oili ya kudumu. Chumba kile ni pampu. Pistoni ikipanda inavuta mchanganyiko kutoka kabureta, ikishuka inausukuma juu kupitia mifereji ya pembeni. Tundu dogo popote kwenye pampu hiyo linaongeza hewa, mafuta hayaongezeki. Na kumbuka oili yako imo ndani ya petroli: injini ikikosa mafuta, joto linapanda na ulainishaji unapungua kwa wakati mmoja. Basi huenda pistoni ya kwanza ilinoki kwa ugonjwa ambao bado umo ndani, na hii ya pili inaelekea huko huko.

Pistoni ya zamani umeitupa? Kama iko jalalani iokote, uioshe kwa petroli, uitazame juani. Ikiwa imekwaruzika upande wa eksosi peke yake, na upande wa kabureta bado unang'aa, ilizidiwa na joto: mafuta haba au mapezi ya silinda yamezibwa na vumbi la mbao. Ikiwa mikwaruzo imezunguka pande zote, na alumini imepakwapakwa mpaka ringi zimefungwa kwenye mifereji yake, oili haikuwepo au haikutosha. Upande wa kabureta ukiwa umefifia rangi, wa kijivu, umelika laini bila mistari mikubwa, vumbi limepita kwenye chujio la hewa. Kwa anayepasua mwembe mkavu mchana kutwa hilo ni jambo la kutegemea. Na kichwa cha pistoni kikiwa na vijitundu vidogo vidogo pembezoni, petroli ililipuka kabla ya wakati wake. Watu wengi hufunga pistoni mpya kabla ya kuisikiliza ile iliyokufa, kisha wanashangaa mpya nayo ikifa vile vile.

Sasa tuipime. Kazi hii ndiyo yenye uzito, zingine zote ni za kumalizia.

Fungua eksosi, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke kati ya eksosi na silinda kisha ukaze tena boliti. Tundu la kutokea moshi limefungwa. Fungua kabureta, na mahali pake ukaze kibati kilichotandikwa mpira chini yake, ukiuacha mpira unaounganisha kabureta na silinda ulipo kwa sababu nao unapimwa. Yale matundu madogo yanayopeleka msukumo wa krankikesi kwenye pampu ya kabureta yasisahaulike, yazibwe pia. Kisha chukua plagi kuukuu, uvunje kauri yake, utoboe katikati, uunganishe nozeli ya tyubu au kibomba chembamba. Hiyo unaifunga mahali pa plagi, pistoni ikiwa chini, ili presha ijaze silinda na krankikesi pamoja.

Cha kupulizia, usihangaike na kompresa. Kompresa ya matairi itazing'oa sili hata zilizo nzima. Nenda duka la dawa ununue kile kipimo cha presha ya damu cha mkono, chenye mpira wa kubana na saa yenye mshale. Mshale wake unaishia 300 za zebaki, na hizo ni kama baa 0.4. Viwandani hupimia nusu baa, ambayo ni 375, lakini kwa kazi yako 300 inatosha kufichua uvujaji. Bana mpaka mshale ufike 250 au 280, funga vali, utazame. Kwenye mashine isiyovuja mshale unakaa pale pale kwa nusu dakika. Ukiuona mshale unateremka, paka povu zito la sabuni ya kufulia, ukianzia chini ya silinda kwenye ile silikoni yako, kisha ungio la nusu mbili za krankikesi, mpira wa kabureta, shingo ya plagi, vali ya kupunguza kompresheni kama yako inayo, na mwisho sili zote mbili. Sili ya klachi huioni mpaka uvue klachi, na ya upande wa pili mpaka uvue magineti. Vua. Kupima huku umeziacha zimefunikwa ni kujidanganya.

Huku presha imo, zungusha kranki polepole kwa mkono. Kuna sili inayoshika ikiwa imetulia na kuachia kranki ikifika mahali fulani. Isukumesukume pia ncha ya kranki juu na chini. Ikicheza hata kidogo kwa kwenda juu na chini, beringi imekwisha, na sili mpya itafuata njia ya zile kuukuu.

Ikishika presha, usifurahi bado. Mdomo wa sili umeelekea ndani, kwa hivyo presha ya ndani inaukandamiza kwenye kranki na kuusaidia kufunga. Pistoni inapopanda, krankikesi inavuta, na mvuto huo huo unaunyanyua mdomo. Nimeona sili zinazoshika presha vizuri kabisa na kuvujisha hewa papo hapo zikivutwa. Basi azima kwa mafundi wa magari ile pampu ya mkono ya kutolea hewa kwenye breki, yenye geji, uvute nusu baa uone kama inakaa. Povu la sabuni hapa halisaidii, kwani litavutwa ndani. Kama presha ilishika na mvuto haukushika, mshitakiwa wa kwanza ni sili.

Mimi ningebadilisha sili zote mbili hata kabla ya kupima, kwa mashine ya Pwani iliyonunuliwa mkononi mwa mtu. Chumvi ya hewani huku haichagui. Mashine ikikaa miezi bila kazi, kutu inajiandika kwenye kranki pale pale mdomo wa sili unapokaa, pete nyembamba ya kahawia ambayo ukipitisha ukucha unaikuta. Mtu akiwasha, kutu hiyo inausaga mpira. Ukifunga sili mpya juu yake, umeitafutia kifo. Zungushia msasa laini, namba 600 kwenda juu, wenye oili, mpaka ukucha usikwame. Usizidi hapo. Sili mpya iingize kwa kuigonga na kipande cha bomba kinacholingana nayo, mdomo ukiwa umepakwa oili, na kabla ya kuivusha funika meno na pembe za kranki kwa selotepu. Kovu moja kwenye mdomo ule na umerudi ulikoanza.

Tuje kwenye silikoni. Ile nyeusi ya kawaida, ya tyubu, petroli inailainisha. Inavimba, inageuka utelezi, na kipande kikikatika kinaingia kwenye mfereji wa pembeni. Kama ulipaka nyingi, toa silinda leo uangalie ndani. Wanaofanya kazi bila gasketi hutumia ile gundi isiyoyeyuka kwa petroli ambayo mafundi wa pikipiki huunganishia krankikesi. Wanaipaka utando mwembamba tu, pande zote mbili zikiwa zimesafishwa hata alama ya kidole isiwepo, na wanaiacha ikauke usiku kucha.

Lakini swali la maana ni kama gasketi ilifaa kutolewa. Jibu limo kwenye nafasi iliyobaki kati ya ukingo wa pistoni na kichwa cha silinda. Chukua waya laini wa risasi wa mafundi redio, wenye unene wa milimita 1.5, uupitishe tundu la plagi mpaka ncha iguse ukuta wa silinda, upande wa kushoto au kulia wa mashine, sawa na pini ya pistoni inavyolala. Ukiuweka upande wa eksosi au wa kabureta, pistoni itainama na kukupa namba ya uongo. Zungusha kranki kwa mkono ipite juu mara moja, utoe waya, upime pale palipobanwa kwa vania. Rudia upande wa pili. Milimita 0.5 ndiyo ninayoiita chini kabisa kwa mashine ya sisi 72. Chini ya hapo, injini ikipata moto na kupigwa resi, pistoni inagonga kichwa. Ukipata 0.5 au zaidi kidogo bila gasketi, sawa. Ukipata 0.3, rudisha gasketi na tusiongee tena habari ya kompresheni.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotoa gasketi hawalitaji. Silinda ikishuka, matundu yote yanashuka nayo. Eksosi inafunguka ikiwa imechelewa, na mfumo mzima uliopangwa kiwandani unasogea. Unaweza kupata nguvu ya kukokota chini na kupoteza mbio za juu. Kwa mpasua magogo hilo si baya. Kwa yule aliyepanua matundu kwa ajili ya mbio, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Hayo matundu nayo yakague. Silinda yako ina kipenyo cha milimita 52, na mimi sipendi tundu la eksosi lizidi asilimia 65 ya kipenyo, yaani kama milimita 34 kwa upana. Likizidi, ringi inapopita inatunisha mgongo kuingia tunduni, na siku moja inakwama na kuvunjika. Kingo za tundu ziwe zimeviringwa kwa msasa, si kukatika wembe. Pitisha kijiti cha sikio chenye pamba juu na chini ya ukingo: pamba ikinaswa, ringi nayo itanaswa.

Umesema uliisugua silinda kwa msasa. Ndani ya silinda hizi mna utando mgumu uliopakwa juu ya alumini, mwembamba sana, na ukishatoboka hakuna msasa wa kuurudisha. Alumini ya pistoni iliyoganda ukutani haitolewi kwa nguvu, inayeyushwa: kostiki soda ya watengeneza sabuni, kidogo ndani ya maji, kwa kijiti cha pamba, mahali palipoganda tu. Povu linachemka mradi alumini ipo, linatulia ikiisha. Glavu na miwani, na nje ya kibanda, kwa sababu ule mvuke unachoma koo na gesi inayotoka inashika moto. Isifike kwenye matundu uliyoyapanua, pale alumini iko wazi na italiwa. Halafu osha kwa maji mengi na upake oili papo hapo. Kama baada ya kusafisha povu bado linachemka katikati ya ukuta, utando umekwisha na silinda ni ya kutupa. Usimpe mtu.

Ringi uliziingiza tu, au ulipima mwanya wake? Tia ringi peke yake ndani ya silinda, uisukume kwa pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji: milimita 0.2 ndiyo ya kuanzia. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee eksosi. Vipini vya kuzuia pini viwe vipya, na mdomo wake uangalie juu au chini, usiangalie ubavuni.

Kuhusu kuchoka baada ya robo saa, hewa ya wizi pekee inaweza kukueleza hilo, lakini kuna mtuhumiwa wa pili wa bei rahisi. Tangi lina tundu la kupumulia. Likiziba, mafuta yanatoka na hewa haiingii, mpaka kabureta inashindwa kuvuta. Siku ikianza kuchoka, zima, iache ipoe kidogo, halafu legeza kifuniko cha tangi: ukisikia inavuta pumzi, na ikiwaka tena vizuri, umepata. Usifungue kifuniko mashine ikiwa ya moto kabisa, petroli hupanda na kuruka. Chujio la ndani ya tangi na mpira wake uvibadilishe tu bila kuulizana.

Mashine ikishika presha na mvuto, ndipo turudi kwenye kabureta. Funga skrubu ya L (mafuta ya resi ya chini) na ya H (mafuta ya resi ya juu) polepole mpaka ziguse, bila kukaza, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Washa, ipate moto. Rekebisha L mpaka ukivuta resi inapanda mara moja bila kusita. Kwa skrubu ya tatu, ile ya mlio wa chini, hakikisha mnyororo umesimama kabisa ukiwa umeachia. Mnyororo unaotambaa peke yake umekata watu mapaja. H ndiyo yenye roho ya pistoni. Vuta resi yote bila kuingiza kwenye mti: mlio uwe mzito, wa kukoroma kidogo. Ingiza kwenye gogo: kukoroma kuishe, ulie safi. Ikilia kwa sauti nyembamba na safi kabla hata haijagusa mti, inakosa mafuta, fungua H kidogo. Eksosi iliyotobolewa inapitisha hewa zaidi, kwa hivyo kipimo cha H cha kiwandani hakikuhusu tena. Kama aliyetoboa eksosi hakugusa H, huenda yeye ndiye aliyeanza kuiua.

Halafu niambie unachanganya oili gani. Nauliza kwa sababu mjini Malindi iliyo karibu zaidi na mkono ni ile ya mashine za boti, iliyoandikwa TC-W3, na ndugu zetu wavuvi wanaigawa hata kwa chupa ya soda. Ni oili nzuri kwa kazi yake. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari. Pawasoo inapozwa na upepo na inapata moto zaidi. Tafuta iliyoandikwa JASO FD, kipimo cha Kijapani cha ubora wa oili ya 2T. Stihl wenyewe wanaelekeza 1 kwa 50 ukitumia oili yao na 1 kwa 25 ukitumia nyingine ya 2T, yaani mililita 100 au 200 kwa lita 5 za petroli. Mashine iliyotiwa mkono mimi naiwekea 1 kwa 40, mililita 125, ya JASO FD. Petroli nunua kituoni, si ya jeri ya kando ya barabara. Tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ya mwaka 2018 iliwekwa kwa sababu ya watu waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari, na injini yenye kompresheni ya juu ndiyo ya kwanza kuumia.

Urudishe vya kiwandani au uache? Gasketi irudi, isipokuwa waya wa risasi umekuambia vingine. Kama aliyekuuzia alisogeza pia wakati wa plagi kutoa cheche, na mashine inakurudisha mkono unapovuta kamba, urudi ulipokuwa. Matundu yaliyokwisha panuliwa hayarudi, yaviringe kingo uendelee nayo. Eksosi iache ilivyo, hapo ndipo penye faida ya kweli kwa gharama ndogo, ila angalia kama ile nyavu ya kuzuia cheche bado imo. Wanaotoboa huitoa. Kipande cha nyavu laini ya chuma kisichopata kutu, kilichokatwa kulingana na tundu na kubanwa kwa boliti, kirudi kabla hujaiwasha tena, maana mbao zako unazipasulia kwenye nyua za watu na nyumba za huko kwenu ni makuti.